Maswali ya Wasomaji: Ukihama nchi mara kwa mara, kipi kiingie begini?

Mwezi huu meza yetu imejaa barua za watu ambao hawamalizi miaka mitatu nchi moja: wake na waume wa watumishi wa mashirika, madereva na wahudumu wa Ghuba, walimu, wanafunzi. Wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti. Begi ni lile lile, kilo ni zile zile, kipi kiingie? Sisi hupima kila kitu kwa maswali mawili. Nikikikosa huko, nitakipata? Kikifika huko, kitafanya kazi? Bei yake ya dukani haimo kwenye hesabu hiyo.

Mume wangu amehamishwa kikazi kwa mara ya tatu. Tulitoka Dar es Salaam tukaja Kigali, sasa tunakwenda Brussels. Kila mmoja ana kilo 23. Nina sufuria nzuri za alumini, chuma cha chapati, mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo, blenda, na mashuka ya futi 6 kwa 6. Nibebe vipi?
*Mama wa watoto wawili, Kigali*

Mama, anza na sufuria, maana ndizo zinazokula nafasi. Chukua sumaku yoyote, hata ile pambo la friji, uiguse kwenye kitako cha kila chombo. Isiponasa, chombo hicho hakitapika kwenye jiko la induksheni, na majiko hayo yamejaa katika nyumba za kupanga za Ulaya. Jiko la namna hii halina moto wala koili inayowaka nyekundu. Linatoa nguvu ya sumaku inayokifanya chuma cha chombo chenyewe kipate joto. Ukiweka alumini juu yake, jiko halioni kitu: litalia kidogo, kisha litajizima.

Bahati ikiwa ni jiko la kawaida la umeme lenye uso wa kioo, alumini itapika, lakini chunguza kitako. Sufuria iliyozoea mkaa hubonyea. Iweke juu ya meza iliyonyooka, bonyeza ukingo kwa kidole. Ikiyumba, ujue kwenye kioo itagusa sehemu ndogo tu, na wali utaungua hapo huku pembeni ukibaki na kiini. Hizo wape ndugu.

Chuma cha chapati ni habari nyingine. Kikiwa kile kizito cheusi, sumaku itanasa, na kitafanya kazi kwenye gesi, kioo na induksheni. Huko utakuta vikaango vyepesi vyenye rangi ya kuzuia kushika, ambavyo havipendi moto mkali, na chapati bila moto mkali inakauka kabla ya kuiva. Kibebe hata kama kinakula kilo mbili. Kipake mafuta kidogo, kifunge kwa gazeti halafu kwa taulo, ukilaze upande wa magurudumu ya begi ili uzito usiliangushe likisimama. Kifimbo cha kusukumia kiache. Chupa tupu iliyooshwa vizuri inasukuma chapati bila shida yoyote.

Mbuzi usiibebe nzima. Fungua kile chuma chenye meno kwenye kibao chake. Mara nyingi kimeshikwa na misumari miwili au skrubu. Meno yafunge kwa kadibodi nene na gundi ya karatasi, ukitie kwenye begi kubwa. Kamwe usikiweke kwenye begi la mkononi, kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Ukifika, kipigilie kwenye ubao wowote imara unaoweza kuukalia. Kibao cha zamani kina matatizo mawili: ni kizito, na kikiwa na vitundu vya wadudu, wakaguzi wa mimea wa baadhi ya nchi wana haki ya kukizuia. Kinu nacho kiache kwa sababu hizo hizo.

Blenda yako itawaka Brussels bila wasiwasi, kwa kuwa Rwanda na Ubelgiji zote zinatumia volti 230. Lakini jagi lake la kioo pekee ni mzigo, na blenda zinauzwa kila mahali. Iuze Kigali. Mashuka ya futi 6 ni sentimita 183 kila upande, wakati magodoro ya kule kwa kawaida yana urefu wa sentimita 200. Yale yenye lastiki hayatafika. Ya kutandaza tu yanaweza kusaidia kwenye kitanda cha sentimita 160, ukikubali kuchomekea kidogo upande wa miguuni.

Kanga beba, tena usizihesabu kwa ubahili. Doti moja haifiki nusu kilo, na wiki ya kwanza kabla mizigo mingine haijapangwa, kanga itakuwa pazia, taulo, shuka la mtoto, mbeleko na nguo ya kushinda nyumbani. Tena ndiyo kifungio bora cha vyombo ndani ya begi, kwa hiyo haichukui nafasi yake peke yake. Chagua za pamba, siyo zile zinazoteleza, maana za nailoni hazikaushi maji mwilini.

Nafanya kazi ghala hapa Doha, mkataba ukiisha naenda Poland. Laini yangu ya Tanzania nimeifunga kwenye karatasi ndani ya pochi, naitoa nikitaka kupokea namba za benki. Mara ya mwisho niliikosa siku mbili. Kuna njia bora?
*Kijana wa Mbeya, Doha*

Kaka, hicho kipande kidogo ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ulivyo navyo baada ya pasipoti. Akaunti ya benki, pesa za simu, WhatsApp, barua pepe, zote zinakutambua kwa namba hiyo. Na kikipotea, Tanzania kuirudisha laini kunataka wewe mwenyewe na alama ya kidole chako. Ndugu yako hawezi kukufanyia. Kwa hiyo ukiwa Warsaw umekwama mpaka siku ya likizo.

Isikae kwenye karatasi. Ikae kwenye simu, moja kwa moja. Unachohitaji ni simu ya laini mbili, laini ya nyumbani upande mmoja, ya nchi uliyopo upande wa pili. Hapa watu wengi wanajikwaa wakati wa kununua simu. iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, la mwaka 2022, hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM tu, yaani laini ya kielektroniki iliyomo ndani ya simu yenyewe. Ukituma mtu akuletee simu kutoka Marekani, laini yako ya plastiki haina pa kuingia. Zile za Marekani za mkopo pia mara nyingi zimefungwa kwa mtandao mmoja, na huwezi kuzitumia kwingine mpaka deni liishe na zifunguliwe. Muulize muuzaji mambo mawili tu: ina tundu la laini? Imefunguliwa mitandao yote?

Ukirudi nyumbani likizo, usiondoke bila kufanya haya. Piga *106# uhakikishe laini imesajiliwa kwa jina lako na namba yako ya NIDA, siyo ya kaka yako aliyekununulia. Uliza kwenye duka la mtandao wako kama huduma ya roming, ile ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi, imewashwa. Mitandao mingine hutaka uiwashe ukiwa bado ndani ya nchi. Kwenye simu, zima data ya roming kwa laini hiyo, maana hiyo ndiyo inayomaliza salio usiku mmoja. Kupokea meseji kwa kawaida hakukatwi pesa, kupokea simu kunakatwa. Kisha kila mwezi weka salio dogo na utume meseji moja. Laini iliyokaa kimya miezi mitatu iko hatarini kufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

La mwisho, na hili wengi hawalijui. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, siyo kwenye simu tu. Mwizi akiiba simu yenye namba ya siri, anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na meseji za benki zinamwingilia yeye. Laini yenye namba ya siri itamkatalia. Ukikosea mara 3, laini inaomba PUK, tarakimu 8 zilizochapwa kwenye ile kadi kubwa ya plastiki ulikobandua laini siku ya kwanza. Ukiikosea PUK mara 10, laini imekufa moja kwa moja. Kadi hiyo watu huitupa dukani pale pale. Ya kwako ikiwepo, iweke pamoja na vyeti. Kama ilitupwa, iulizie PUK kwa mtandao wako kabla hujaweka namba ya siri.

Ninafundisha Mombasa na nimepata kazi Dubai. Vyeti vyangu vyote nilivilaminisha visiharibike. Sasa naambiwa havigongwi muhuri. Nivibandue?
*Mwalimu, Mombasa*

Usivibandue, mwalimu. Wapo wanaojaribu kwa pasi ya moto, na wino hubaki kwenye plastiki; unaishia na karatasi tupu mkono mmoja na kivuli cha cheti mkono wa pili.

Sababu ya kukataliwa ni hii. Afisa anayethibitisha cheti anakipapasa: anatafuta muhuri uliobonyezwa, anaangalia alama za ndani ya karatasi dhidi ya mwanga, kisha anagonga muhuri wake mgongoni. Plastiki inamzuia kufanya yote matatu. Njia iliyobaki ni kurudi kwa waliokitoa. Kwa cheti cha mtihani ni baraza la mitihani, kwa shahada ni ofisi ya usajili ya chuo, ukaombe nakala mpya au barua ya uthibitisho. Hapo ndipo mlolongo unaanza, na haurukwi: aliyetoa cheti, kisha wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Ukianzia ubalozini watakurudisha, kwa sababu ubalozi unautambua muhuri wa wizara tu. Anza miezi kadhaa kabla, ukiwa bado nyumbani. Ukiwa Dubai itabidi cheti kisafiri bila wewe.

Kwa vyeti vinavyofuata, vitie kwenye mifuko myepesi ya faili inayofunguka juu, ndani ya faili gumu, ndani ya begi la mkononi. Piga picha ya mbele na ya nyuma ya kila kimoja na ujitumie kwa barua pepe. Picha haigongwi muhuri, lakini ina namba ya cheti, na namba ndiyo watakayokuuliza kwanza kikipotea.

Nilinunua pasi na kikausha nywele Minneapolis. Nimefika Nairobi, nimeweka adapta, pasi imetoa moshi mara moja. Adapta ilikuwa mbovu?
*Msomaji, Nairobi*

Adapta ilikuwa nzima, dada. Kazi yake ni kubadilisha umbo la pini tu, haigusi nguvu ya umeme. Marekani ni volti 120, Kenya ni 240. Volti zikizidi mara mbili, koili ya pasi inavuta nguvu mara nne ya ile iliyoundiwa. Pasi ya wati 1,200 ilitaka kuwa ya 4,800, na hapo waya ukakatika. Kinyume chake si hatari bali ni hasara: pasi ya Nairobi ikienda Minneapolis itatoa robo ya nguvu zake, na kola haitanyooka hata ukishinda hapo.

Kabla ya kufunga kifaa chochote, soma maandishi madogo pale waya unapoingia au chini ya chaja. Ukiona 100-240V, 50/60Hz, kinakwenda popote duniani. Chaja karibu zote za simu na kompyuta mpakato ziko hivyo. Ukiona 120V peke yake, au 220-240V peke yake, kibaki kilipozaliwa. Transfoma ya kubeba pasi ina uzito kuliko pasi yenyewe, kwa hiyo usidanganyike nayo.

Tunachopendekeza sana ni ekstensheni moja ya nyumbani yenye matundu manne. Plagi zenye pini tatu bapa za Kenya, Tanzania na Uganda ndizo za Uingereza, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu, kwa hiyo huko inaingia ukutani vile vile. Ukienda Bujumbura, Ujerumani au Marekani, nunua adapta moja tu ya ukutani, chaja zote nne zikae kwenye ekstensheni. Soma amperi zilizoandikwa kwenye adapta. Nyingi za bei nafuu ni 6 au 10, tena hazina waya wa ardhi. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu amperi 9. Adapta ya 6 italainika plastiki yake ukiwa umegeuka kutafuta kikombe. Chaja tu, basi.

Nina pumu, na mgongo wangu unahitaji dawa kali ya maumivu. Natoka Dar es Salaam napita Dubai miezi sita, kisha Marekani. Nibebeje dawa?
*Mzee, Dar es Salaam*

Shikamoo mzee. Dawa ya mgongo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kama kwenye boksi kuna tramadol au codeine, Falme za Kiarabu zinaihesabu ni dawa inayodhibitiwa, hata kama uliinunua kihalali. Unatakiwa kuomba kibali cha serikali yao kwa mtandao kabla ya kusafiri, ukiambatisha cheti cha daktari. Watu wamewekwa ndani kwa vidonge vichache. Angalia na dawa za kikohozi pia, maana baadhi zina codeine ndani. Njia rahisi kuliko zote ni kumuuliza daktari wako kama ipo dawa nyingine isiyo na hivyo viwili, uizoee kabla ya safari.

Dawa zote zikae kwenye boksi zake zenye jina lako, ndani ya begi la mkononi. Barua ya daktari itaje jina la dawa yenyewe na kipimo chake, si jina la kampuni, kwa sababu la kampuni hubadilika mpakani. Na hata la dawa lina mitego. Pampu yako ya pumu huku ni salbutamol. Marekani mfamasia anaiita albuterol. Paracetamol kule ni acetaminophen. Yaandike yote mawili kwenye kikaratasi ukiweke pamoja na pampu.

Wenye miwani nao wasikilize hapa: ombeni karatasi ya vipimo ikiwa na umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Wapimaji wengi hawauandiki, na bila huo kuagiza miwani mingine inakuwa kubahatisha.

Pawabenki yangu ni ya 30,000 mAh. Itapita uwanjani?
*Mwanafunzi, Kampala*

Zidisha 30,000 kwa 3.7, ambazo ni volti za betri ya ndani, kisha gawa kwa 1,000. Unapata watisaa (Wh) 111, kipimo cha umeme uliomo ndani. Mpaka 100 inapita. Kati ya 100 na 160 inahitaji ruhusa ya shirika la ndege, uiombe mapema. Ya 20,000 ni watisaa 74 na haina maneno. Isiingie kamwe kwenye begi la chini ya ndege, kwa sababu betri ikishika moto huko hakuna wa kuizima. Na maandishi ya uwezo wake yakiwa yamefutika, inachukuliwa hata kama ni ndogo.

Kadi ya kliniki ya mwanangu imechakaa. Tunahamia Marekani, ana miaka minne. Bado ina kazi?
*Mama wa mtoto mmoja, Arusha*

Ina kazi kuliko nguo zake zote. Shule itataka tarehe za kila chanjo, na bila tarehe mtoto anachanjwa upya. Nenda kliniki mkaandike kadi mpya kutoka kwenye rejesta, siku, mwezi na mwaka, na muhuri.

Hata kwa kadi safi, jiandae kwa mambo mawili. Chanjo ya surua ya miezi 9 Marekani hawaihesabu, kwa kuwa wanahesabu zinazotolewa kuanzia umri wa miezi 12. Ile ya miezi 18 inahesabika, lakini ya kwetu ni ya surua na rubela, na wao wanataka pamoja na matumbwitumbwi. Atachomwa tena, na si kosa la kadi. La pili ni ile kovu ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Kule watoto hawapewi chanjo hiyo kwa kawaida, na kipimo cha kifua kikuu cha kuchoma ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu yake. Waoneshe tarehe ya BCG kwenye kadi na uombe kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na chanjo hiyo.

Kadi ya homa ya manjano iambatane na pasipoti. Inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha yote, hata kama imeandikwa inaisha baada ya miaka 10. Jina lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Nimefunga nguo za familia kwenye mifuko ya nailoni, kila mtu na wake. Tunatoka Muscat tunarudi Tanga. Kuna tatizo?
*Baba wa familia, Muscat*

Lipo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008. Itatolewa uwanjani na mtasimama mkipanga nguo upya mbele ya foleni. Ile midogo ya zipu ya vifaa vya kuogea Tanzania inaruhusiwa mradi mtaondoka nayo. Nguo zifungeni kwenye vikoi, fundo moja kwa kila mtu, rangi tofauti.